Gereji ya Nyumbani: Mlango Kwanza, Kamera Mwisho

Hotuba ya mafundi kwa wakazi wa mtaa, Kira, Wilaya ya Wakiso, Uganda

Mheshimiwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wetu, wazee wetu, akina mama na akina baba, na ninyi vijana wa boda boda mnaolaza pikipiki katika nyua hizi, hamjambo nyote.

Mmetuita sisi mafundi wa milango na ving'ora tuwaeleze ni vifaa gani vinafaa kulinda gereji ya nyumbani. Msimamo wetu tunautoa mapema ili yote yatakayofuata yaeleweke: fedha yako ifuate njia anayopita mwizi. Yeye hukutana na mlango kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo nunua kwanza kinachomchelewesha, halafu kinachopiga kelele au kuwasha taa, na fedha ikibaki, kinachorekodi. Wengi wetu tunaanza na hicho cha mwisho, kwa kuwa kamera unaiona kwenye simu kila saa, lakini bolti iliyo nyuma ya mlango huioni. Unabaki na video ya mtu mwenye kofia akibeba betri ya inveta, na video hiyo hairudishi betri.

Kabla ya kwenda dukani, ingia gerejini na kalamu uandike kilichomo. Gari zima silo linalobebwa mara nyingi. Vinavyobebeka kwa mikono miwili ni vioo vya pembeni, kompyuta ya injini, betri, tairi la akiba, jenereta, pampu ya maji na mtungi wa gesi. Na tunawasihi, tazameni pia ngazi, grainda na mtalimbo. Hivyo ni vifaa vya kazi vya mwizi, na ukiviacha wazi gerejini umempa cha kuvunjia mlango wa nyumba yenyewe. Ngazi ifungwe kwa mnyororo ukutani, grainda iingie kwenye sanduku la chuma lenye kufuli.

Sasa mlango. Milango mingi ya gereji zetu ni ya chuma, mabawa mawili, imetengenezwa Katwe kule Kampala au na fundi wa kuchomelea aliye kando ya barabara. Fundi akikupa bei, muulize geji ya bamba. Geji ikiwa kubwa, bamba ni jembamba: geji 18 ni kama milimita 1.2, geji 16 ni kama milimita 1.6. Kwa gereji chukua geji 16, na lichomelewe juu ya mabomba ya mraba yanayopita pia katikati ya bawa, si pembeni peke yake. Mlango ukishasimamishwa, sukuma katikati kwa kiganja. Bamba likibonyea na kurudi kwa mlio, mtalimbo utalikunja.

Fremu ndiyo inayosahaulika. Vile vipande vya chuma vinavyotoka kwenye fremu na kuzama ukutani viwe angalau vitatu kila upande, vizame sentimita 15 hivi, na tundu lijazwe zege. Mara nyingi tunakuta vimezama sentimita 5 na kuzibwa kwa plasta. Fremu ya namna hiyo inang'oka nzima pamoja na mlango, kufuli ikiwa bado imefungwa.

Bawaba zikiwa nje, pini yake inatolewa kwa nyundo na msumari mrefu, bila kelele nyingi. Dawa yake ni nafuu. Pini ichomelewe kwenye nusu moja tu ya bawaba, mlango uendelee kuzunguka. Kisha chukua vipande viwili vya nondo ya milimita 12, kila kimoja sentimita 4, uvichomelee kwenye ukingo wa bawa upande wa bawaba, na toboa matundu kwenye fremu mkabala navyo. Mlango ukifungwa, vijiti vinaingia kwenye fremu. Hata bawaba zikikatwa zote, bawa halitoki. Kazi hii inatumia mabaki ya nondo yaliyolala karakana, na tukiambiwa tuchague jambo moja tu la kufanya kwenye gereji yoyote ya mtaa huu, tutachagua hili.

Bawa lile lisilofunguliwa kila siku linashikwa na komeo la juu na la chini. Komeo la chini ndilo lenye matatizo. Tundu lake sakafuni likiwa na kina cha sentimita 3, linajaa udongo baada ya mvua mbili, komeo halishuki tena, na watu wa nyumbani wanaliacha likining'inia. Hapo ukisukuma katikati ya mlango, ulimi wa kitasa unachomoka wenyewe. Tundu liwe na kina cha sentimita 8 hadi 10, livishwe kipande cha bomba, na komeo liwe la chuma cha milimita 16. Kila mwezi litolewe udongo kwa kijiko.

Tumefika kwenye kufuli, ambako fedha nyingi hupotea. Angalia unene wa kile chuma kilichopinda. Cha milimita 8 kinakatwa na mkasi wa vyuma unaouzwa katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kuanzia milimita 12 au 13, kikiwa chuma kilichokomazwa kwa moto, mkasi wa kawaida wa mkono unashindwa na mwizi analazimika kuwasha grainda, ambayo mtaa mzima utaisikia. Neno la kwamba chuma kimekomazwa linaweza kupigwa muhuri juu ya chuma laini, kwa hiyo nenda dukani na tupa ndogo. Omba ruhusa, ikwaruze mara moja upande wa ndani wa ule mpindo. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu. Ikiuma na kuacha mkwaruzo unaong'aa na unga wa chuma, rudisha kufuli rafuni.

Jaribio la pili: mwombe muuzaji kufuli mbili za aina ileile kutoka kasha moja, ujaribu ufunguo wa moja kwenye nyingine. Kufuli za kughushi hutengenezwa kwa funguo za aina chache, na si ajabu ukakuta zinafunguana. Jina kubwa lililochongwa juu ya kufuli lisikutulize, maana jina kubwa ndilo linaloghushiwa. Kufuli nyingine zina daraja la kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 12320, kuanzia 1 hadi 6. Ukiona daraja la 3 au la 4, hilo linatosha kwa gereji. Kufuli ya shaba nyeupe au ya njano haishiki kutu, lakini mwili wake ni laini na keekee huupita upesi. Itumieni kwenye stoo ya makopo, si kwenye gereji.

Kufuli nzuri juu ya hasi mbovu, yaani kile kibamba cha mlangoni chenye tundu la kupitishia kufuli, ni hasara tupu. Hasi iliyoshikwa kwa skrubu nne inang'olewa kwa bisibisi, hakuna haja ya kugusa kufuli. Pitisha bolti za milimita 10 hadi ndani, weka bamba la milimita 4 nyuma yake, kaza nati, kisha ncha za bolti zigongwe nyundo zibapae. Ukichagua kuchomelea, ondoa kwanza kufuli na kitasa vyote viwili. Joto la kuchomelea hulegeza springi za ndani, na chuma kilichokomazwa kikipata moto kinarudi kuwa laini palepale pa kiungo. Hakikisha pia kufuli inajaza tundu la hasi. Nafasi ikibaki, mtalimbo unaingia hapo na kupata nguvu ya kukunjua.

Kinachosaidia kuliko vyote ni kisanduku cha kufuli: bamba la milimita 4 au 5 lililokunjwa na kuchomelewa mlangoni, wazi upande wa chini tu, kiasi cha mkono na ufunguo kuingia. Kufuli ikikaa humo, mkasi haufiki na diski ya grainda haipati pembe. Kosa la kawaida ni fundi kutengeneza kisanduku kabla kufuli haijanunuliwa. Kikiwa kikubwa mno, diski inapita. Kikiwa kidogo mno, familia inachoka kuhangaika na ufunguo na inaanza kuning'iniza kufuli nje. Nunua kufuli, ipeleke kwa fundi, apimie juu yake.

Vumbi letu jekundu la murramu likikutana na oili ya injini ndani ya kufuli linakuwa ugoro mzito. Tumia unga wa grafiti, na ning'iniza kipande cha tyubu ya tairi mbele ya tundu la ufunguo kuzuia mvua. Mlango mdogo wa pembeni uwe na kitasa cha leva tano, si tatu, yaani vile vibamba vya ndani ambavyo ufunguo huviinua. Na ule mlango unaotoka gerejini kuingia jikoni uhesabuni kuwa mlango wa nje. Wengi wanaweka hapo ubao mwepesi wa chumbani.

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini. Usifunge kwa kufuli ya nje mlango wowote ambao mtu anayelala ndani anauhitaji kutoka moto ukiwaka. Gerejini kuna petroli, gesi na betri. Mlango wa ndani ufunguke upande wa nyumba bila kutafuta ufunguo gizani, na jenereta isiwashwe humo kamwe, hata mlango ukiwa wazi nusu, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Milango ya kujikunja tutaipitia haraka. Iwe na kufuli pande zote mbili karibu na sakafu, maana kufuli moja ya katikati huacha pembe zikainuliwa kwa jeki ya gari. Ikiwa ina mota, uliza kama rimoti yake inabadilisha msimbo kila unapobonyeza. Rimoti za zamani zenye vijiswichi vidogo 8 zina michanganyiko 256 tu, na kunakiliwa kwake ni kazi ya dakika chache. Ile kamba ya dharura ya kuachia mota iwekewe kikinga cha bati ili waya usipenyezwe juu ya mlango na kuivuta, lakini usiikate, kwani umeme ukikatika ndiyo itakayowatoa. Rimoti isilale ndani ya gari linaloegeshwa nje.

Vijana wa boda boda, yenu ni haya. Mnyororo wenye pete za milimita 16 zilizokomazwa unauzidi nguvu mkasi wa mkono. Ule wa milimita 8 unakatwa kwa mkupuo mmoja. Upitishwe kwenye fremu au gurudumu la nyuma, kwa sababu gurudumu la mbele linafunguliwa na kuachwa. Usilale sakafuni, uvutwe uning'inie. Mnyororo ukigusa chini, mwizi anaegemeza mpini mmoja wa mkasi sakafuni na kukandamiza mwingine kwa uzito wa mwili wake wote, au anaugonga kwa nyundo juu ya saruji.

Mnyororo nao unahitaji pa kushika. Nanga ya sakafuni yenye bolti nne za kutanuka za milimita 12 inahitaji zege la sentimita 10 au zaidi, na matundu yawe mbali na ukingo wa zege kwa sentimita 10 vilevile. Puliza vumbi lote ndani ya tundu kabla ya kuingiza bolti, kwani likibaki bolti inateleza hata ukiikaza namna gani. Ukimaliza, gongelea gololi ya chuma ndani ya tundu la kichwa cha bolti ili ufunguo wake usiingie tena. Nyumba nyingi za kupanga zina saruji nyembamba ya sentimita 4 juu ya udongo. Hapo bolti ni bure. Chimba shimo la sentimita 40 kwa 40, kina 40, pinda nondo ya milimita 16 iwe mfano wa U na miguu yake ikunjwe nje, mimina zege la saruji moja, mchanga miwili, kokoto nne. Limwagilie maji na usilifunge kitu kwa siku 7.

Tukija kwenye taa, tahadharini na taa za sola zilizoandikwa wati 300. Pima bamba lake la jua kwa rula. La sentimita 15 kwa 20 haliwezi kutoa zaidi ya wati 6 hivi saa sita mchana. Jua zuri kwa muda wa saa tano linakupa kama wati-saa 30 kabla ya hasara za betri, yaani taa ya wati 5 kwa saa chache. Kwa taa inayowaka mtu akipita, hiyo inatosha kabisa, basi nunua kwa ukubwa wa bamba, usinunue kwa namba ya kwenye kasha. Iweke mahali inapomulika uso wa anayekuja, si mgongo wake.

King'ora kinaharibiwa na kelele za uongo. Kikilia usiku wa tatu bila sababu, mwenye nyumba anakizima na hakiwashi tena. Kwa gereji za hapa sababu ni zilezile. Mjusi hupita juu ya kioo cha kihisi cha mwendo. Injini iliyotoka barabarani inatoa joto. Mwanga wa jua unapenya chini ya mlango. Na chini ya mabati yasiyo na dari, alasiri hewa inakaribia joto la mwili wa binadamu, na kihisi cha kawaida hakitofautishi mtu na hewa, kinakuwa kipofu. Chagua kihisi chenye njia mbili, joto na mawimbi ya redio, kinacholia pale tu vyote viwili vinapokubaliana. Kifungwe mita 2.1 hadi 2.4 kutoka sakafuni, kimtazame mtu akikatiza mbele yake na si akikijia moja kwa moja, kwa kuwa mwendo wa kukatiza ndio kinaouona vizuri. Nyuma ya kihisi pazibwe kwa silikoni, wadudu wasiingie.

Swichi ya sumaku ya mlangoni iwe ile ya chuma yenye kuvumilia mwanya wa sentimita 4 au 5. Ile ndogo ya plastiki ni ya madirisha ya mbao. Ukiibandika juu ya mlango wa chuma, chuma kinanyonya nguvu ya sumaku, na upepo kidogo tu unaiamsha. Mitambo inayotuma ujumbe kwa laini ya simu ni mizuri, ila laini isiyowekwa salio wala kutumika kwa miezi hufungwa bila wewe kujua, na siku ya siku ujumbe hauondoki. Pangeni tarehe ya kuijaribu.

Betri ya king'ora, ile ya volti 12 na ampea-saa 7, kwenye karatasi inaendesha mtambo unaokula milliampea 150 kwa saa 46. Ikizeeka inafika nusu ya hapo au chini. Joto ndilo linaloizeesha, kwa hiyo isikae chini ya mabati, na baada ya miaka mitatu ibadilishwe hata kama inaonekana nzima.

Kamera sasa. Ili uso wa mtu usiyemjua utambulike, wataalamu hutaka pikseli 250 katika kila mita ya upana wa picha. Kamera ya pikseli 1920 kwa upana inakupa basi upana usiozidi mita 7.7. Lenzi ya milimita 2.8, inayokuja na kamera nyingi za bei nafuu, inaona pana mno hata mita 3 tu kutoka ukutani tayari upana unafika karibu mita 8. Zaidi ya hapo unaona mtu, humtambui. Lenzi ya milimita 6 inalinda kiwango hicho mpaka kama mita 8. Kwa hiyo kamera ya mlango wa gereji iwe na lenzi nyembamba na ifungwe kimo cha mita 2.5. Ukiipandisha mita 5 kwa kuogopa isiibiwe, itarekodi kofia.

Usiku, mwanga wake wa infraredi unavuta wadudu, buibui wanafuata, na utando mbele ya lenzi unang'aa mweupe na kufuta kila kitu. Zima mwanga wa kamera yenyewe, tumia taa iliyo mbali nayo mita moja au mbili. Kasha liwe na alama ya IP65 au IP66, inayoonyesha kwamba linazuia vumbi na maji. Nenosiri la kiwandani libadilishwe siku ileile ya kufunga, mbele ya fundi, na fundi asilijue. Kwa hifadhi, kamera moja inayotumia megabiti 2 kwa sekunde hula kama gigabaiti 22 kwa siku. Nne zinajaza diski ya terabaiti moja kwa siku 11 hivi. Kinasa chenyewe, kile chombo kinachohifadhi video, kisikae gerejini wala sebuleni karibu na runinga.

Tunaishi kando ya Ziwa Victoria, ukanda wa radi nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia. Radi haihitaji kupiga nyumba yako kuua kinasa, inatosha ipite kwenye waya mrefu wa kamera ya getini. Weka kinga ya umeme wa ghafla kwenye waya wa umeme na kwenye waya wa kamera pia, na vyote viunganishwe na waya wa ardhi unaofanya kazi kweli. Fundi akikuambia waya wa ardhi si lazima, tafuta fundi mwingine.

Kamera ielekee kwako. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inahusu pia picha za watu, na kamera inayochungulia ua wa jirani inaleta ugomvi ambao mwenyekiti wetu atalazimika kuuamua. Ikibidi ishike njia ya wote, bandika kibao na uwaambie majirani.

Leo usiku kila mmoja afanye jambo moja lisilo na gharama: piga picha namba ya chesisi na ya injini ya gari au pikipiki, namba za jenereta, pampu na inveta, uzitume kwa ndugu unayemwamini. Ukikuta mlango umevunjwa usiingie wala usishike kitu. Piga 999 au 112, mjulishe mwenyekiti, na usubiri nje. Bila namba hizo, polisi wakikamata pampu mia sokoni huna njia ya kuonyesha iliyo yako.

Maswali yaanze na wenye milango ya kujikunja, kwa kuwa hiyo tumeipitia haraka.